Kayamba Lililopotea Kwenye Santuri

Katika kiwanda cha nyuzi alikofanya kazi maisha yake yote, hakuna aliyemwita jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mtunza stoo, basi wakamwita Stoo, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani. Hata majirani waliohamia mtaani baada ya yeye kustaafu walidhani ndilo la kuzaliwa.

Alikuwa mwaminifu mpaka akawa kero. Rafu zake zilijaa buti mpya za mpira mpaka karibu na dari, na huku nje watu wakitembea na buti zilizotoboka vidole. Hakufanya hivyo kwa roho mbaya. Aliamini tu kwamba kitu kikishavuka mlango wa stoo kimeanza kufa. "Mpya ni mpya ikiwa ndani," alikuwa akisema. "Ikitoka ni kuukuu."

Imani hiyohiyo ndiyo aliyokwenda nayo kwenye santuri zake.

Alianza kuzinunua akiwa kijana wa suruali pana na nywele za kuchana juu, na hakuacha hata pale maduka ya santuri yalipogeuka maduka ya simu. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu. Cha mbele ni chake na mkewe. Cha katikati, kilichokuwa na ubaridi mzuri na kisichofikiwa na jua, kilikuwa cha santuri. Cha nyuma, kilichopigwa na jua la alasiri mpaka ukuta ukawa kama kikaango, kilikuwa cha binti yao wa pekee.

"Mbona usizipe santuri kile cha nyuma?" mkewe alimuuliza zamani, mtoto alipokuwa akiamka na vipele vya joto.

"Santuri hupinda kwa joto," Stoo akajibu.

"Na mtoto?"

Stoo alifikiri kwa haki kabisa. "Mtoto hapindi," akasema.

Ukweli ni kwamba, kama kuna mtu aliyejua kutunza santuri, ni yeye. Zilisimama wima kama vitabu, maana zikilazwa moja juu ya nyingine, za chini hubeba mzigo wa zote. Hakuzibana, wala hakuziacha zilegee zikaegemeana. Kila moja ilikuwa ndani ya mfuko wa karatasi laini, mfuko ndani ya jalada, jalada ndani ya nailoni. Kwenye pembe za kabati aliweka vile vifuko vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wengine huvitupa, yeye alivikusanya kila shehena ya buti ilipofika kiwandani, baada ya kumwandikia meneja kuomba ruhusa. Dirishani palikuwa na pazia zito, ukutani kipimajoto. Na aliyetaka kuishika santuri, kama aliruhusiwa, aliishika kwa ukingo na kwa kile kikaratasi cha katikati tu, baada ya kuonyesha viganja. "Mikono mikavu," Stoo alisema kwa kila mtu, hata kwa mchungaji wa kanisa la jirani siku alipokuja kuwasalimu.

Jambo moja tu halikufanyika kwa santuri hizo, nalo ni kupigwa.

Tusimwonee. Kila moja ilipigwa mara moja, siku iliponunuliwa, ili ainakili kwenye kaseti. Baada ya hapo familia ilisikiliza kaseti. "Sindano ikipita mara moja, imekwangua mara moja," alieleza. Kaseti nazo zikaja kuliwa na redio, moja baada ya nyingine, utepe ukivutwa nje kama utumbo wa kuku, na nyumba ikabaki kimya. Mkewe alipouliza kama sasa wangeweza kupiga santuri zenyewe, alijibiwa, "Nikistaafu. Nikistaafu nitakaa nazo moja moja, mpaka nizimalize."

Kabati lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa juu ya fremu ya mlango, mahali ambapo Stoo aliamini hapajulikani. Lakini mtunza stoo haamini kufuli peke yake. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alibandika kwa mate unywele mmoja kwenye ufa wa milango ya kabati. Kila jioni aliukuta palepale. Jambo hilo lilimpa amani kubwa. Mkewe alikuwa msusi, mwenye saluni barazani, na nyumba nzima nywele zilifagiliwa kwa ufagio. Ila hilo Stoo hakulifikiria.

Kustaafu kukafika. Asubuhi yake ya kwanza nyumbani, alinyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi, akanawa mikono na kuikausha kwa taulo, kisha kwa kitambaa, kisha kwa kuipunga hewani. Alijua ataanza na ipi. Ilikuwa santuri ya bendi moja ya dansi iliyokwisha kusambaratika, na ndani yake kulikuwa na wimbo ambao aliposimulia habari zake aliinua kidole. Ubeti wa pili ukiisha, magitaa yananyamaza, waimbaji wananyamaza, na linabaki kayamba peke yake, linatembea, linarudi, linanong'ona kama mtu anayekuja na siri, mpaka tarumbeta inaingia na watu wote wanasimama kucheza. "Hapo kwenye kayamba," alikuwa akisema, "ndipo wimbo ulipo. Kwingine kote ni njia ya kwendea."

Akaishusha sindano taratibu. Akakaa.

Sauti ikaja, lakini ikaja kama inatoka ndani ya blanketi. Akasogeza kiti. Ubeti wa kwanza, wa pili. Magitaa yakanyamaza, waimbaji wakanyamaza, na baada yao hapakuwa na kitu. Santuri inazunguka, sindano inapanda na kushuka kidogo, kimya. Kisha tarumbeta ikamlipukia usoni, yeye bado anasubiri.

Akarudia. Kimya palepale. Akairudia tena, na kwa mtu aliyeamini kwamba kila mpito ni mkwaruzo, kuirudia vile ilikuwa kama kujichoma kisu kwa hiari. Kayamba halikuwapo.

Akatoa santuri nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa na blanketi. Matoazi yamefifia, zeze limekuwa kama mtu anayelia ndani ya mtungi. Mkewe alipopita mlangoni na sahani ya mkate, alimkuta ameketi katikati ya majalada, amejishika mashavu.

"Zimeliwa," akasema.

"Na nini?"

"Ukungu. Umeingia kwenye mifereji ukala sauti ndogondogo. Zile kubwa umeziacha."

Mkewe akamtazama, akatazama santuri iliyokuwa inang'aa kama kiatu cha askari. Akaweka sahani chini nje ya mlango, maana vyakula havikuruhusiwa ndani, akarudi kwa wateja wake.

Ndipo kazi ilipoanza. Stoo alichemsha maji, akayapoza, akayachuja, akaziosha santuri moja moja kwa sifongo jipya, akizungusha kufuata mifereji, wala hakukata njia hata mara moja. Vikaratasi vya katikati alivifunika kwa vifuniko vya mitungi ya jemu visilowe. Kisha akazipanga zikauke kwenye kichanja cha vyombo jikoni. Msusi alipokuja kutafuta kikombe akakuta santuri zimesimama mahali pa sahani.

"Leo tunakula nyimbo?" akauliza.

Stoo alikuwa amempa mgongo, hakujibu. Akauliza tena kwa sauti ya juu zaidi.

"Usinipigie kelele," Stoo akasema. "Nimesikia. Ila siku hizi hamuongei, mnameza maneno."

Hilo lilikuwa lalamiko lake jipya. Binti yake, aliyekuwa mwalimu wa darasa la kwanza na aliyekuwa bado anaishi kwenye kile chumba cha nyuma, alikuwa anameza maneno. Msomaji wa taarifa ya habari alikuwa anameza maneno. Wateja wa saluni walikuwa wananong'ona makusudi. Mtu akibisha hodi alilaumiwa kwa kubisha kama mwizi. Stoo aliona kizazi kizima kimekosa adabu ya kufungua mdomo, na aliwasikitikia.

Santuri zilizooshwa hazikubadilika. Akaitwa fundi redio wa mtaani, mtu mcheshi, mwenye bisibisi sikioni kama kalamu. Fundi alisikiliza wimbo wote. Kayamba alilisikia vizuri tu, hata mguu ukaanza kumchezacheza. Lakini alimtazama yule mzee aliyesimama mbele yake na uso wa msiba, akaona si heshima kumpinga mtu wa umri ule ndani ya nyumba yake.

"Unaona?" Stoo akamuuliza. "Hapo. Hamna kitu."

"Hamna kitu kabisa, mzee," fundi akakubali. "Itakuwa sindano."

Akabadilisha sindano. Siku nyingine akasema itakuwa mkanda unaozungusha santuri. Siku nyingine akasema umeme wa mtaa huu ni mwembamba. Kila alipokuja Stoo alimwandalia kiti na kumsifu kwa mkewe kwamba huyu ndiye fundi, anajua kusikiliza. Na kwa kuwa sauti bado ilikuwa ndani ya blanketi, Stoo alikuwa akiongeza, na akiongeza, mpaka vioo vya saluni vikaanza kutetemeka na mteja mmoja, aliyekuwa anasukwa nywele za harusi, akamwambia msusi kwamba kichwa kinamuuma, na si kwa sababu ya misuko.

Kama si ukungu, wala sindano, wala umeme, basi ni mtu. Stoo alifikia hapo polepole, kwa huzuni, kama alivyokuwa akifikia kiwandani. "Kitu hakipotei stoo," aliwahi kumfundisha kila msaidizi wake. "Kinapotezwa."

Na mtu mwenyewe alikuwa na historia. Mdogo wa mkewe, dereva wa lori, aliwahi kuazima santuri moja zamani, kabla ya kufuli, akairudisha jalada likiwa na duara la kikombe cha chai katikati ya uso wa mwimbaji. Tangu hapo hakuwahi kuazimishwa hata kijiko. Lakini bado alikuwa akija kila alipotoka safari, akicheka kwa sauti kubwa, akikaa saluni kwa dada yake mchana kutwa wakati Stoo yuko kazini. Stoo alijumlisha. Jumla ikatoka.

Akaitisha kikao Jumapili, baada ya chakula cha mchana, sebuleni. Alivaa shati lake la kazi lenye mifuko miwili. Mkewe akakaa kwenye kochi akiwa bado na kilemba, binti akaketi mkono wa kochi, shemeji akachukua kigoda karibu na mlango, kama mtu anayejua mahali pa washtakiwa.

"Sitaki ugomvi," Stoo akaanza. "Nataka ukweli tu. Mali nimeitunza miaka yote. Nimekuja kuifungua, naikuta pungufu. Kayamba halipo. Matoazi hayapo. Mwenye kujua atuambie."

Shemeji akamtazama dada yake, kisha akamtazama mshitaki. "Shemeji," akasema, "mimi jalada nililitia chai, nilikiri, nikaomba radhi. Lakini kayamba lako sijalila."

Binti akageuza uso dirishani, mabega yakimtikisika.

"Sisemi umelila," Stoo akasema. "Nasema umezipiga. Nikiwa kazini. Umezipiga hovyo mpaka zikachujuka."

Shemeji akakuna kidevu. Alikuwa anaweza kusema hapana, na ingekuwa uongo. Alikuwa anaweza kusema ndiyo, na ingekuwa nusu tu ya habari. Akachagua kutazama kucha zake.

Msusi akavua kilemba, akakikunja juu ya paja.

"Hakuzipiga yeye peke yake," akasema. "Tumezipiga wote."

"Wote nani?"

"Mimi. Mwanao. Mdogo wangu akiwepo. Wateja. Baba, zile santuri zimepigwa kulekule chumbani, mlango wazi mpaka saluni, tangu mwanao hajaanza shule. Unafikiri watu walikuwa wanavuka mitaa mitatu kuja kusukwa barazani kwangu kwa sababu ya viti vyangu? Walikuja kusikiliza muziki."

Stoo alimgeuzia sikio la kulia, akamwomba arudie. Akarudia, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayemsomea mtoto imla.

"Haiwezekani," Stoo akasema. "Kulikuwa na unywele."

"Ulikuwepo," mkewe akasema. "Nilikuwa naubandika mwenyewe. Wako ukipotea naweka wa mteja. Kuna wakati uliwekewa wa rangi nyekundu, nikaogopa, hukuona."

"Na mikono? Mikono yako ya mafuta?"

"Glavu," akasema msusi. "Zile za kupakia rangi ya nywele. Mpya, kila siku. Nilikuwa nashika ukingo na kikaratasi, napangusa vumbi, narudisha wima, palepale nilipoitoa. Wewe ndiye uliyenifundisha, kwa kuwaambia watu wengine."

Stoo akakaa. Ni vigumu kusema lililomuuma zaidi, kwamba amedanganywa miaka yote ile, au kwamba amedanganywa kwa kufuata kanuni zake mwenyewe bila kasoro. Kisha uso wake ukapata nuru ya mtu aliyeshinda kesi.

"Basi ndiyo hivyo," akasema. "Mmezichuja. Mmekiri."

"Hazijachujuka," binti akasema.

"Nini?"

"Hazijachujuka, baba. Kayamba lipo."

Msusi akainuka. Aliingia saluni, akarudi akivaa glavu, akaenda chumba cha katikati, na wote wakamfuata kwa sababu hapakuwa na namna nyingine. Aliitoa ile santuri ya bendi ya dansi bila kusoma jalada, kama mtu anavyotoa chumvi jikoni kwake. Akapangusa. Akashusha sindano kwa mkono mwepesi kuliko wa Stoo, na Stoo, hata katika hasira zile, aliuona wepesi huo.

Wimbo ukaanza. Ubeti wa kwanza ukapita. Ubeti wa pili ukaisha, magitaa yakanyamaza, waimbaji wakanyamaza, na Stoo akainua kidole kuwaonyesha lile shimo tupu.

Kidole kikabaki juu.

Kwa sababu aliwaona. Mkewe alikuwa anatikisa kichwa kidogo, kulia, kushoto. Binti alikuwa anagonga paja kwa vidole vitatu, vyepesi, haraka haraka. Shemeji alikuwa amefumba macho na midomo yake inatoa cha-cha, cha-cha, bila sauti. Watu watatu, kila mmoja ametazama upande wake, na wote walikuwa wanafuata kitu kimoja, pamoja, bila kupishana hata kidogo. Kitu hicho kilikuwa ndani ya chumba. Kilikuwa kinatembea, kinarudi. Yeye peke yake ndiye hakikumpitia.

Akaweka kiganja juu ya spika, kama anayepima homa.

"Limeanza?" akauliza.

"Limeanza zamani, baba," mkewe akasema.

"Na sasa?"

"Bado linaendelea."

Akaendelea kushikilia spika. Tarumbeta ilipoingia, akashtuka, akaondoa mkono. Shemeji, aliyefumbua macho na kumwona, alikuwa na mzaha tayari kuhusu sikio la kufa na dawa. Kila mtu pale aliuona ukimpanda mdomoni. Akaumeza. Alitoka nje na baada ya muda walimsikia anafagia baraza ambayo ilikwishafagiliwa.

Binti ndiye aliyempeleka kwa daktari wa masikio. Hakumshurutisha. Alimwambia tu kwamba darasani kwake, mtoto akichelewa kuitikia, huanza kwa kumkagua masikio kabla ya kumkagua tabia, na Stoo, ambaye wiki nzima alikuwa amekaa mbele ya kabati lililofungwa bila kulifungua, akachukua kofia yake.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya kutulia, ambayo Stoo alisikia nusu yake. Alimfungia ndani ya kijichumba chenye kuta za sifongo, akamvalisha vyombo masikioni, akamwambia abonyeze kitufe kila anaposikia mlio. Stoo alikaa humo kwa utii, na kwa muda mrefu hakubonyeza kitu. Alipotoka alionyeshwa mchoro, mstari ulioanza vizuri juu kisha ukaporomoka kama ngazi iliyovunjika.

"Sauti nene unazipata," daktari akasema akimtazama usoni ili aone midomo. "Sauti nyembamba zimekwenda. Zimekwenda polepole, kwa miaka mingi. Ulikuwa unafanya kazi kwenye kelele, mzee?"

"Hapana. Nilikuwa stoo."

"Stoo ilikuwa wapi?"

Stoo akafikiri. Stoo ilikuwa nyuma ya kiwanda. Ukuta wake mmoja ulipakana na jenereta, ile kubwa, na mwingine na chumba cha mashine za kusokota. Alikuwa ameizoea kelele hiyo mpaka akaiona ni aina ya ukimya.

"Na hamkuwa na vizibo vya masikio?"

"Tulikuwa navyo," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akanyoosha mgongo. "Nilikuwa natoa mimi. Mashine hadi mashine, kila mtu na vyake. Cha zamani unarudisha ndipo unapewa kipya. Kwangu havikuwahi kupungua."

"Na wewe mwenyewe ulivaa?"

Stoo akamwangalia kama mtu aliyeulizwa kama aliwahi kuiba.

"Mimi sikuwa mtu wa mashine," akasema. "Nilikuwa mtunza stoo. Mtunza stoo hajitolei kitu mwenyewe. Ukianza kujitolea mwenyewe, umekuwa mwizi."

Daktari akaandika. Binti alikuwa anatazama mchoro, na walipofika nje alisema tu, "Shika mkono wangu, baba, kuna ngazi," ingawa ngazi ilikuwa fupi na Stoo aliiona vizuri.

Alipewa vifaa viwili vidogo vya kuvaa nyuma ya masikio, rangi ya ngozi, kila kimoja kidogo kuliko kipande cha korosho. Vilikuja ndani ya kijiboksi kigumu chenye sifongo, na ndani ya kijiboksi, kwa mapenzi ya Mungu, kulikuwa na kifuko cha chembechembe za kunyonya unyevu. Stoo alisoma maelekezo yote. Visilowe. Visipate vumbi. Visiwekwe juani. Alielewa kila sentensi kama mtu anayesoma barua kutoka kwao. Alivijaribu kwa muda mfupi mbele ya daktari, akavivua, akavipangusa, akavirudisha kwenye sifongo, na walipofika nyumbani akaliweka boksi ndani ya kabati la santuri, akafunga kufuli.

"Vinaingia jasho," akamweleza mkewe. "Nitavitumia siku yenye sababu."

Msusi hakubishana. Kwa siku kadhaa aliacha kupaza sauti. Aliongea kwa sauti yake ya kawaida, na asiposikiwa aliacha. Mezani alisimulia habari za wateja wake, moja yao ya kuchekesha sana, binti akacheka mpaka akashika ubavu, Stoo akauliza kuna nini, na mkewe akasema, "Si neno. Utavaa siku yenye sababu, nitakusimulia siku hiyo." Akasimulia nyingine. Kesho yake ikaja ya tatu, ya yule bibi harusi na mchumba wake na wigi, na hiyo binti alilia kabisa kwa kicheko. Stoo alimaliza sahani yake. Kisha akasukuma kiti, akaenda chumba cha katikati, wakasikia kufuli.

Alirudi amevaa.

Ulimwengu ulimrukia wote kwa pamoja. Kijiko kwenye bakuli kilikuwa kama kengele. Kandambili za mkewe zilikuwa na sauti. Bomba la jikoni lilikuwa linavuja, na alimuuliza binti limeanza lini, akaambiwa mwaka juzi. Kupitia ukuta wa saluni alisikia wateja wawili waliokuwa wanasubiri wakimzungumzia yeye na santuri zake, na walikuwa hawamezi maneno hata kidogo.

Hakungoja. Alinawa, akakausha, akaitoa santuri. Mkewe na binti wakasimama mlangoni. Ubeti wa pili ukaisha, magitaa yakanyamaza, na kayamba likaja. Lilikuja jembamba, lenye chuma kidogo ndani yake kwa sababu ya vile vifaa, si kama alivyolikumbuka, lakini likatembea, likarudi, likanong'ona. Stoo alisimama katikati ya chumba, mikono imelegea, kinywa wazi kidogo.

Kisha akakunja uso.

"Hiyo nini?" akauliza.

"Nini tena?" mkewe akasema.

"Hiyo. Tak. Tak. Inarudi kila mzunguko."

Ilikuwa mikwaruzo. Bila masikio hakuwa na kayamba wala mikwaruzo. Sasa alipata vyote viwili, na mikwaruzo haikuwa michache. Akairudisha sindano, akasikiliza, akaweka kidole hewani kila iliposikika.

"Huu nani?" akauliza.

Msusi akaegemea fremu ya mlango. "Huo mimi," akasema. "Siku mwanao alipofaulu kwenda chuo cha ualimu. Alikuja anakimbia na habari, nikamkumbatia, nikagonga meza."

Stoo akaendelea kusikiliza. Wimbo wa pili ulikuwa na mkwaruzo mrefu, kama mtu anayepasua kitambaa.

"Na huu?"

"Huo shemejio. Alikuwa anacheza na mteja mnene, sakafu ikaruka. Ndiye aliyemwoa baadaye."

"Yule mkewe? Walikutana hapa?"

"Hapo uliposimama."

Stoo akatazama chini, kwenye vigae, kama vile angeweza kuona alama. Hakukasirika, au tuseme alikasirika lakini hakupata nafasi, kwa sababu alikuwa na swali jingine, na jingine. Upande wa pili ukapigwa. Akatoa santuri nyingine na kuuliza ya hiyo. Kuna mikwaruzo ambayo mkewe hakuikumbuka na akasema wazi hakumbuki. Kuna mmoja ambao binti alisema ni wake, wa siku aliyoachwa na mtu fulani ambaye baba hakuwahi kuambiwa habari zake, na hakuambiwa na siku hiyo.

Wateja wawili walikuwa bado wanasubiri barazani. Mmoja akapiga hodi taratibu, akiuliza kama zamu yake imesahauliwa. Stoo ndiye aliyemsikia wa kwanza. Akatoka, akamsalimu, akamwambia kwamba msusi anakuja sasa hivi, na kwamba mlango wa kati utabaki wazi ili muziki ufike huko. Yule mteja akashukuru, akauliza kama anaweza kuingia kidogo kuona majalada.

Stoo akamtazama mikono. Ilikuwa inang'aa mafuta ya nywele mpaka kwenye viwiko.

"Hapana," akasema. "Kaa hukohuko. Sauti utaipata."